Jimu imebadilika na bado nina miezi miwili niliyolipia: nihame au nibaki?

Nuru_Kijito aliuliza:

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa mnaojua mambo ya jimu kwa undani.

Nafanya tizi jimu moja pande za Sinza, siku nne kwa wiki, naingia saa 12 jioni. Tangu uongozi ubadilike hali ya mle ndani imekuwa ya kukera. Muziki unafunguliwa mpaka humsikii aliye pembeni yako. Kuna kundi la watu kama sita wanaokalia stendi ya skwati (zoezi la kuchuchumaa na uzito begani) muda mrefu huku wanarekodi video. Na kuna kocha anamshika mtu kiunoni bila kuombwa, halafu anatupa maneno kuhusu miili ya kina dada. Vifaa vyenyewe havina shida. Ada ni 60,000 kwa mwezi, nililipia miezi mitatu, nimetumia mmoja. Kuna nyingine Mwenge wanataka 80,000.

Nitajuaje kama hili ni la kuhama au ni la kubadili muda tu? Hela iliyobaki inarudi vipi? Na hiyo ya Mwenge niikague nini kabla ya kulipa?

Trena_Mikocheni:

Dada Nuru, hapo una mambo matatu tofauti, na usiyatafutie dawa moja.

Muziki na msongamano mara nyingi ni suala la saa. Jimu za Dar hujaa kuanzia saa 11 jioni watu wakitoka kazini, zinaanza kupumua baada ya saa 2 usiku, na Jumatatu ndiyo mbaya kuliko siku zote. Jaribu wiki mbili za saa 12 asubuhi, au saa 2 na nusu usiku kama usafiri wa kurudi nyumbani ni wa uhakika. Usitumie hisia kupima, andika. Tuseme mpango wako wa siku una seti (raundi za zoezi) 16 na umejipa dakika 75. Andika umemaliza seti ngapi na umesubiri vifaa dakika ngapi. Asubuhi ukimaliza zote 16 na jioni ukiishia 11, hiyo jimu haina kosa, ni saa yako. Ukiishia 11 hata asubuhi, basi wamesajili watu wengi kuliko vifaa, na hilo halitarekebishika kwa wewe kuamka mapema.

Kuhusu sauti kuna kipimo rahisi. Ukilazimika kupaza sauti ili usikike na mtu aliye umbali wa mkono mmoja, fahamu kuwa umeshafika desibeli 85 au umezipita. Wataalamu wa usalama kazini wanahesabu 85 kwa saa 8 kuwa ndiyo kikomo, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 94 ni saa moja, 100 ni dakika 15 tu. Kuna programu za bure za simu za kupimia, zinakupa makadirio ya kutosha kumwonyesha meneja. Na si masikio peke yake. Mtu aliyelala benchi akiita "shika!" na anayemsaidia asisikie, baa, yaani kile chuma kirefu chenye uzito, inamshukia kifuani.

Kundi la stendi, waulize kwanza: "Mmebakiza seti ngapi? Tunaweza kupokezana?" Watu watatu kwenye stendi moja wanakwenda vizuri kabisa, maana wawili wakifanya, wa tatu anapata dakika zake 2 au 3 za kupumzika. Sita haiwezekani. Wakikataa, usibishane nao, mwambie mhudumu wa zamu. Kupanga vifaa ni kazi yake, si yako.

La kocha nawaachia wengine, ila kwangu hilo halina majaribio ya wiki mbili.

KochaDada_Tabata:

Naanzia hapo hapo kwenye kocha, kwa sababu kina dada wengi wanaambiwa "ndivyo mazoezi yanavyofundishwa" na wanaishia kuamini.

Kumsaidia mtu kunyanyua kuna sehemu zake maalumu. Benchi: mikono ya msaidizi inakaa kwenye baa au karibu nayo, haikugusi wewe. Dambeli (vyuma vifupi vya mkono mmoja mmoja): anakushika kwenye vifundo vya mikono, kwa sababu akishika viwiko mikono yako bado inaweza kukunjika na dambeli ikakuangukia usoni. Skwati: vyuma vya kuzuia pembeni viwekwe chini kidogo ya pale baa inapofika ukiwa umeshuka kabisa, au wasimame watu wawili, mmoja kila mwisho wa baa. Msaidizi mmoja anayesimama nyuma yako anatakiwa mkubaliane kabla ya seti, maana mikono yake itapita chini ya makwapa. Dedilifti (kunyanyua baa kutoka sakafuni) haisaidiwi kabisa, ukishindwa unaiachia.

Sasa kiuno. Kumfundisha mtu kuinama bila kupinda mgongo, chukua mti wa fagio, ulaze mgongoni mwake uguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega na mwisho wa uti wa mgongo. Akiinama na mti ukaachana na sehemu mojawapo, anajijua mwenyewe amekosea wapi. Hakuna mkono wa mtu uliohitajika. Na ikibidi kumgusa mteja, kocha anasema kwanza, "Nikuguse bega nikuonyeshe?", kisha anasubiri jibu. Anayeruka hatua hiyo baada ya kuambiwa mara moja anajua anachofanya.

Cha kufanya leo: andika tarehe, saa, maneno aliyotumia yalivyo, na nani alikuwepo. Kisha mtumie meneja ujumbe wa WhatsApp au SMS. Usiishie kuongea kwa mdomo, maana maneno ya kaunta hayana ushahidi. Hata hivi unatosha:

"Habari meneja. Tarehe fulani saa 12:40 jioni kocha fulani alinishika kiunoni bila ridhaa yangu na kusema maneno haya. Naomba asinifundishe wala kunigusa tena, na naomba kujua hatua mtakazochukua kabla ya Ijumaa. Naomba pia picha za kamera za siku hiyo zitunzwe."

Hilo la kamera lisisahaulike. Mashine nyingi za kurekodi hufuta picha za zamani zenyewe nafasi ikijaa, kwa hiyo ukichelewa hakuna kitu.

Jibu la meneja ndilo litakaloamua kama unahama. Jibu zuri lina kitendo ndani yake: kocha kaondolewa zamu ya jioni, kapewa onyo la maandishi, masharti yamebandikwa ukutani. Ukijibiwa "mzoee tu, ndivyo alivyo" au "yule ndiye anayeleta wateja", toka siku hiyo hiyo. Maana yake uongozi umeshachagua upande. Usikae kumsubiri kocha abadilike mwenyewe.

Na wala usidhani ni jambo dogo kisheria. Tangu marekebisho ya mwaka 1998, Kanuni ya Adhabu inautambua udhalilishaji wa kijinsia kuwa kosa la jinai, na maneno pia yanahesabika, si kushikwa tu. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Nenda na maandishi yako, ujumbe uliotuma, na shahidi kama yupo. Nenda mapema, kumbukumbu za mashahidi hazikai.

Mhasibu_Kinondoni:

Niongelee hela, ndiyo inayowafunga wengi.

120,000 iliyobaki tayari imetoka mfukoni. Ukibaki imetoka, ukihama imetoka. Kwa hiyo isiwe sababu ya kubaki, iwe ni deni unalodai. Linganisha gharama za kuanzia kesho: 60,000 za Sinza dhidi ya 80,000 za Mwenge pamoja na nauli. Siku nne kwa wiki ni kama mara 16 kwa mwezi. Kama utalazimika kupanda boda ya 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, hiyo ni 48,000, kwa hiyo Mwenge inakugharimu 128,000. Kama iko njiani mwa daladala unayopanda ukitoka kazini, hesabu hiyo inayeyuka. Piga pia hesabu ya foleni. Jimu inayokuongezea nusu saa kila upande inakula saa nne kwa wiki, na hapo ndipo watu huanza kuruka siku za mazoezi.

Kudai: tafuta fomu uliyosaini na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi). Kama ulilipa kwa lipa namba, ujumbe wa muamala ni ushahidi, na ukiufuta kampuni ya simu inaweza kukupa taarifa ya miamala. Angalia fomu inasema nini kuhusu kurudisha ada. Hata ikiandikwa "ada hairudishwi", wewe huondoki kwa kuchoka. Unaondoka kwa sababu mtumishi wao amekukosea, na hilo liandike wazi kwenye barua. Omba kwa mpangilio huu: kwanza warudishe 120,000 yote, wakikataa, miezi miwili ihamishiwe kwa mtu mwingine utakayemtaja (ndugu au rafiki wa kiume anaweza kuinunua kwako hata kwa 80,000), wakikataa tena, isimamishwe kwa maandishi hadi hatua zichukuliwe. Wape siku 14. Wasipojibu, Tume ya Ushindani inapokea malalamiko ya walaji.

Natofautiana kidogo na Trena. Kujaribu asubuhi wiki mbili ni sawa kwa msongamano, lakini ukiwa na tatizo la kocha juu yake, wiki mbili hizo ni siku nane za kumkwepa mtu. Anza na ujumbe kwa meneja, mengine yafuate jibu lake.

Nuru_Kijito:

Nashukuru sana. Ujumbe nimeshautuma kama KochaDada alivyoandika. Jibu: "Tutaongea naye." Basi. Na je, hizo video, kama nimeonekana na zimewekwa Instagram ya jimu?

KochaDada_Tabata:

"Tutaongea naye" si hatua. Mjibu: "Asante. Mtanijulisha matokeo lini, na zamu ya jioni wiki hii ni ya nani?" Akinyamaza hadi Ijumaa uliyompa, umeshapata jibu lako, mdogo wangu.

Video: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha inayokutambulisha ni taarifa yako binafsi. Jimu kuitumia kujitangaza bila ridhaa yako ni jambo unaloweza kulilalamikia kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Piga kwanza picha ya skrini yenye tarehe na jina la akaunti, ndipo uwaandikie waiondoe. Ukianza kuandika, wanafuta na ushahidi unapotea.

FundiVyuma:

Kuhusu Mwenge. Usikubali kutembezwa saa 5 asubuhi jimu ikiwa tupu. Lipia siku moja, nenda Jumatatu saa 12 jioni, ufanye mazoezi yako kamili, ndipo utaiona ilivyo.

Chukua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari. Baa ya kawaida ya kimataifa ni kilo 20, na sehemu ya kuvalisha sahani za uzito ina unene wa milimita 50. Zile za kuchomelewa mtaani zinaweza kuwa na uzito wowote, na sahani za kuchongwa au za zege vilevile hazilingani. Si dhambi, ila ujue unanyanyua nini, na pande mbili za baa zilingane.

Mashine za kebo: angalia kapi (gurudumu linalopitisha waya). Waya ukipita kwenye kapi inayotembea, kilo 40 zilizoandikwa zinaweza kuwa 20 mkononi mwako. Kwa hiyo namba zako za Sinza usizihamishe kama zilivyo. Tumia wiki ya kwanza kutafuta uzito unaokuacha na marudio mawili au matatu ya akiba (yaani ungeweza kunyanyua mara mbili au tatu zaidi), uandike namba mpya. Wengi wanaumia bega hapa, wanakwenda na namba ya jimu ya zamani kwenye mashine isiyofanana nayo. Pitisha macho kwenye waya karibu na kishikio, pale unapopinda. Ukiona nyuzi zimechomoza au ganda la plastiki limepasuka, usikae chini yake.

Stendi za skwati: zihesabu, uhesabu na watu wanaozisubiri. Hakikisha vyuma vya kuzuia vipo na vinaingia kwenye matundu pande zote mbili. Tredimili: uliza umeme ukikatika jenereta inawaka yenyewe au mtu anakwenda kuiwasha. Mkanda ukisimama ghafla ukiwa kwenye mbio unakurusha mbele, kwa hiyo hakikisha pia ile kamba ya usalama ya kubana kwenye nguo ipo na inafanya kazi.

Kwa hali yako ongeza haya. Chumba cha kubadilishia nguo kina komeo la ndani linalofunga, na kamera haielekei mlango wake. Kaunta ina mtu mpaka jimu inafungwa. Kutoka mlangoni hadi kituo cha daladala kuna taa, uitembee njia hiyo mwenyewe usiku. Watazame makocha kwa dakika 20: wanaomba kabla ya kumgusa mteja? Kisha muulize dada mmoja anayefanya mazoezi peke yake, nje ya masikio ya wahudumu, amekaa pale muda gani na kwa nini. Kama saa 12 jioni humwoni mwanamke hata mmoja upande wa vyuma, uliza kwa nini.

Lipa mwezi mmoja tu, hata wakikupa punguzo la mitatu. Kabla ya kutoa hela waandikie swali moja kwenye WhatsApp: "Nikisafiri au nikiugua, ada inasimamishwa? Na malalamiko dhidi ya kocha anapelekewa nani?" Jibu litunze pamoja na risiti.