Naomba ushauri: baba mkubwa na taarifa za mpox kwenye grupu la ukoo

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naombeni mawazo.

Tuna grupu la WhatsApp la ukoo, watu wa Korogwe, Dar na wawili wako Muscat. Tangu Wizara ya Afya itangaze wagonjwa wa mpox (ule ugonjwa wa virusi unaotoa vipele) Machi 2025, baba mkubwa anatuma sauti za dakika nne nne: eti vipele ni husda, dawa ni nyungu ya mwarobaini na mchaichai, na aliyepata asitajwe, ni aibu ya nyumba. Zote zimeandikwa "imesambazwa mara nyingi".

Sisemi haya kumcheka. Mwaka 2020 takwimu za korona zilipoacha kutolewa, misibani tukawa tunaambiwa tu "changamoto ya upumuaji". Yeye ndiye aliyekuwa anatupigia kutuambia ukweli nani anaumwa. Ndiyo maana wanamwamini.

Ila wiki iliyopita binamu alitokwa na vipele mkononi, akafichwa chumbani siku tano, na watoto wanalala naye kitanda kimoja. Huu ugonjwa unaambukiza kwa kugusana jamani!

Nilimtumia baba mkubwa bango la wizara faragha. Akajibu, "Shikamoo iko wapi?" Kweli nilisahau. Shangazi naye kasema hawezi kumkosoa kaka yake mbele ya wakwe.

Maswali yangu: nani anafaa kumwendea, mtani, imamu wake au mhudumu wa afya wa mtaa? Na nimwambieje ili asambaze taarifa sahihi yeye mwenyewe, bila kuonekana nimemvunjia heshima?