MREJESHO: Vitufe vya kufungua programu vimekubali

Wakuu, habari za leo. Niliomba msaada kuhusu ukurasa wa HTML nilioutengeneza kwenye kompyuta ya steshenari yangu hapa Mwanga, Kigoma. Nilitaka binti anayenisaidia abofye kitufe, LibreOffice Writer (programu ya kuandikia nyaraka) ifunguke. Badala yake kivinjari cha Chrome kilikuwa kinapakua faili la exe, yaani faili lenyewe la programu.

Aliyenijibu kwamba kivinjari kinazuia makusudi ukurasa kuwasha programu alikuwa sahihi, la sivyo tovuti yoyote ingewasha inachotaka kwenye mashine yako. Zile skripti za ActiveX (njia ya zamani ya ukurasa kuwasha programu) zilikuwa za kivinjari cha Internet Explorer, na Microsoft iliacha kuihudumia kwenye Windows 10 Juni 2022, kwa hiyo nikaachana nazo.

Nilichofanya ni kusajili itifaki yangu mwenyewe, yaani aina ya kiungo ambayo Windows inajua ifungue programu gani. Kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake), chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes, nimeunda ufunguo (ni kama folda) "duka-andika", nikauwekea thamani tupu iitwayo "URL Protocol", kisha ndani yake shell\open\command yenye njia kamili ya programu. Kiungo ni href="duka-andika:" tu. Hata nywila ya msimamizi haikuhitajika.

Kilichonitesa jioni nzima ni faili la .reg, lile linaloingiza mipangilio hiyo kwenye rejista: kila mkwaju wa nyuma (\) ndani ya thamani lazima uandikwe mara mbili. Nilikuwa naandika mmoja, amri haiingii.

Tafadhali, kwenye amri hiyo msiweke %1 (alama inayoipa programu maneno yaliyo kwenye kiungo) kama hamuihitaji. Tovuti nyingine inaweza kuita kiungo hicho hicho na kuipitishia programu maneno yake. Chrome bado inaomba ruhusa kabla ya kufungua, na nimeiacha hivyo.

Asanteni sana, binti sasa anafanya kazi bila kuniita.