Barua za babu aliyekuwa daktari, ukoo unataka kuzichoma. Naombeni ushauri

Mjukuu wa Rungwe
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Babu yangu mzaa baba alikuwa daktari wa hospitali ya misheni tangu kabla ya Uhuru, na huku kwetu kuanzia Tukuyu mpaka Kyela ukimtaja tu wazee wanasimama kukusalimia. Yeye alishafariki kitambo, bibi ametutoka mwaka huu, tulivyofungua chumba chake tukakuta masanduku ya bati yamejaa barua. Zipo za madaktari wenzake wa Kampala na Uingereza, zile za ndege za bluu ambazo karatasi ikikunjwa inakuwa bahasha yenyewe, zipo nakala za kaboni za barua zake kwenda serikalini, zipo na alizokuwa anamwandikia bibi.

Kuna moja siwezi kuisahau. Upande mmoja anamsimulia bibi alivyompasua mama mjamzito usiku kwa taa ya karabai, mvua inapiga bati mpaka hasikii mtoto analia au halii, ukigeuza nyuma ni rasimu ya kuomba dawa za dapsone za wagonjwa wa ukoma, na majina yao na vijiji vyao kayaandika. Karatasi ni hiyohiyo moja.

Sasa baba mkubwa anasema zichomwe zote, siri za wagonjwa hazirithiwi. Baba mdogo kapata mtu wa nje anataka kuzinunua na hela keshatajiwa. Shangazi anataka za bibi tu. Mimi nataka zikae zote pamoja maana ukizitenganisha babu mwenyewe humpati tena. Kikao cha ukoo ni Jumamosi, niwaambie nini wazee wanielewe? Na ukungu umeshaanza kushika makaratasi.

Kamwene Mufindi
Kamwene mkuu, pole kwa msiba. Zisichomwe kabisa! Waambie habari ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa unaua watoto, halafu akatuma kwa posta vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za serikali na za misheni Afrika hii akiuliza, huu mmeuona huko? Majibu yakirudi anaweka alama kwenye ramani. 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari wakazunguka kama kilomita 16,000 kuhakiki, ndo ikaonekana kwenye nyanda za juu za baridi hauonekani, uko kwenye joto na mvua, kulekule kwenye malaria. Na kwenye vipande vya uvimbe vilivyotumwa London ndimo mtafiti Epstein na wenzake walimoona kirusi kipya 1964. Yote hayo yalisimama kwenye majibu ya madaktari wa hospitali za porini kama ya babu yako. Nani anajua kwenye hayo masanduku kuna nini?

Nesi wa zamu
Mimi ni nesi, baba mkubwa ana hoja, msikilize kwanza kabla hujambishia. Ukoma ulikuwa unafukuzisha watu kwenye familia, na wajukuu wa hao wagonjwa ndo majirani zenu leo. Mgonjwa akifa siri yake haifi naye. Ila kulinda siri sio kuchoma. Zenye majina ziwekeni kwenye bahasha zao zifungiwe, za kusomwa na watu toeni kopi mzibe majina kwenye kopi, orijino isiguswe na wino. Na tafadhali usipandishe picha hata moja humu. Halafu mkikuta mafaili ya wagonjwa ya hospitali, hayo sio mali ya ukoo, yarudi hospitali.

Mzee wa masjala
Mwanangu, nimefanya kazi masjala mpaka kustaafu. Hiyo yenye pande mbili ndiyo ya kuwasomea wazee, upande wa bibi tu, waone kwa macho kwamba hazigawanyiki. Kuhusu ukungu, toa zilizolowa uzitandaze kivulini penye hewa, juani zitafubaa. Pini zenye kutu zichomoe taratibu. Usilaminishe, usibandike seloteipu, usifunge kwenye mifuko ya nailoni maana zitatoka jasho humo ndani. Masanduku yasikae chini sakafuni. Na mpangilio wa babu usiuvuruge, barua na jibu lake alivyoziweka pamoja ziache pamoja. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo, ongeeni nao mapema.

Mdau Soweto Mbeya
Baba mdogo hawezi kuuza peke yake. Msimamizi wa mirathi mmeshamteua mahakamani? Kama bado, hakuna wa kuuza wala wa kuchoma. Jua pia kwamba zile alizoandikiwa babu karatasi ni yenu ila haki ya kuyachapisha maneno ni ya aliyeandika au warithi wake.

Mjukuu wa Rungwe
Ndaga fijo wote. Msimamizi hatujateua, kwahiyo hilo naanza nalo kwenye kikao. Hoja ya bahasha nitampelekea baba mkubwa nyumbani kwake kabla ya Jumamosi, hapendi kuambiwa mbele za watu. Shangazi nitampa kopi za barua za bibi zote. Nesi, wale wa ukoma ambao hata vijiji tu vinatosha kuwatambulisha, na vijiji tuvizibe? Na kuna mtu Mbeya mjini mwenye skana ya kulaza karatasi ya kuazima au kukodi?

Nesi wa zamu
Ndio, vizibeni na vijiji.