Nilidungwa na sindano kazini saa tano usiku, dawa nikaipata kesho yake saa tisa alasiri: mhudumu wa ambulensi Nairobi ni wa nani?

Wanajukwaa,

Nimesita siku nyingi kabla ya kufungua uzi huu, kwa sababu katika kazi yetu anayelalamika hadharani huishia kupangiwa zamu za usiku mwezi mzima, na pia kwa sababu jambo lenyewe linagusa mwili wangu na nyumba yangu. Lakini hasira nimeimeza hadi imenikaba. Mimi ni mhudumu wa dharura katika ambulensi hapa Nairobi, na huu ni mwaka wangu wa sita. Kampuni sitaitaja, wala hospitali, na ninawaomba mnaonifahamu msizitaje.

Ilikuwa Jumamosi. Tuliitwa Barabara ya Outer Ring, upande wa Donholm, ambako boda boda ilikuwa imegongwa na gari dogo. Kijana mwenye pikipiki alikuwa amevunjika paja, damu inamtoka, ila fahamu anazo na anaongea. Nilimwekea kanula, yaani ule mrija mdogo wa mshipani unaoingizwa kwa sindano, tukiwa tayari barabarani, jambo tulilofundishwa kuliepuka kila inapowezekana, lakini shinikizo lake la damu lilikuwa linashuka nikiliangalia. Nilipochomoa sindano na kugeuka ili niitie kwenye kisanduku chake, matatu isiyo na taa ilitukatia mbele, dereva akakanyaga breki kwa nguvu, na sindano ikanichoma kidole gumba cha mkono wa kushoto. Naomba mkiangalie hicho kisanduku kabla hatujaendelea. Kinatakiwa kifungwe na kubadilishwa kikifika robo tatu. Chetu kilikuwa kimejaa hadi mdomoni, sindano za zamu mbili zilizotangulia zikichungulia, na ubavu wake ulikuwa umezibwa kwa plasta ya vidonda. Kingekuwa na nafasi, sindano ingekuwa imeshazama ndani kabla ya breki.

Tone la damu lilijitandaza chini ya mpira wa glavu, likafuata mikunjo ya kidole. Nilivua glavu, nikanawa kwa sabuni na maji ya mtungi tunaobeba, bila kukamua kidole, kisha nikavaa glavu nyingine na kurudi kwa mgonjwa, maana nyuma kule nilikuwa peke yangu naye. Ilikuwa saa tano na dakika chache.

Tulipomkabidhi mgonjwa, nilimweleza sista wa zamu yaliyonipata. Hakunijibu kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alisema, "Pole sana, kaka, lakini wewe si mfanyakazi wetu. Mwajiri wako ndiye anayehusika." Nilimpigia msimamizi wangu wa zamu, simu ilikuwa imezimwa. Nikampigia aliye juu yake, ikaita hadi ikakatika, mara nne. Nikarudi kwa sista, akanishauri nifungue faili kama mgonjwa wa kawaida. Nikalipia kadi kwa pesa zangu, nikaketi kwenye benchi pamoja na watu waliokuwa wanatapika na watoto wenye homa, na ilipofika zamu yangu, afisa wa kliniki akaniambia kwamba dawa za PEP zimo ndani ya kabati la kliniki ya mchana, na ufunguo anao msimamizi wa kliniki, atakayerudi Jumatatu asubuhi.

Jumatatu asubuhi! Kwa wasioifahamu PEP, ni dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi kwa mtu ambaye tayari ameguswa na damu inayotiliwa shaka. Hazikusudiwi kuanzwa baada ya saa 72, na hata ndani ya saa hizo 72 kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, ndiyo maana tunafundishwa kwamba dozi ya kwanza imezwe ndani ya saa za mwanzo kabisa bila kungojea majibu ya vipimo. Mtu akikuambia "una siku tatu" amekudanganya, hata kama hakukusudia. Saa 72 ni ukingo wa shimo, na hakuna mwenye akili anayepanga safari yake iishie hapo.

Baada ya zamu kuisha asubuhi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kunishikia nafasi, nilianza kuzunguka mwenyewe kwa matatu. Kituo cha kwanza kilikuwa kimefungwa. Cha pili kilikuwa na dawa lakini aliyeruhusiwa kuzitoa alikuwa kanisani, na simlaumu, Jumapili ni Jumapili. Cha tatu, cha serikali, walinipokea kama binadamu, wakanipima, wakanipa tembe ya kwanza palepale nikiwa nimesimama dirishani. Saa tisa alasiri. Tangu sindano iingie hadi tembe iingie ni saa kumi na sita, katika mji mkuu wa nchi, kwa mtu ambaye kazi yake ni kuwawahisha wengine.

Najua mtaniambia hatari ni ndogo. Ninaijua hesabu hiyo kuliko wengi wenu: sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya Ukimwi huambukiza takriban watu 3 kati ya 1,000 wanaodungwa. Lakini homa ya ini aina ya B, kwa mtu asiyechanjwa, inaweza kufika watu 30 kati ya 100, na hiyo haizuiwi na tembe za PEP bali chanjo. Chanjo yenyewe ni dozi tatu, ya tatu ikitolewa mwezi wa sita baada ya ya kwanza. Mimi nilipewa mbili nilipoajiriwa. Ya tatu nimeiulizia hadi nikaona haya, na jibu limekuwa lilelile, kwamba bajeti inasubiriwa. Miaka sita inasubiriwa.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike. Yule kijana wa boda boda alikuwa na fahamu zake. Angeombwa kwa adabu apimwe ili mtu aliyemzuia damu ajue pa kusimama, naamini angekubali. Tulizungumza njia nzima, aliniuliza hata kama pikipiki yake imeokotwa. Hakuna aliyemwomba. Sikuweza kumwomba mimi, kwa sababu si haki mgonjwa aliyelala kwenye machela aombwe ridhaa na mtu ambaye mikono yake bado imeshika dripu yake. Nilipopiga simu hospitali Jumatatu niliambiwa siri za mgonjwa zinalindwa na sheria, na kwamba hata hivyo amehamishiwa kwingine. Sheria ya kuzuia na kudhibiti virusi vya Ukimwi ya 2006 inataka ridhaa na inalinda siri, na mimi siipingi hata kwa neno moja. Jina lake sikulitaka. Nilichotaka ni mtu mmoja wa hospitali amwombe, apime, kisha amwambie daktari wangu kama niendelee na dawa au niache. Kwa muuguzi wao aliyedungwa katika wodi ileile, jambo hilo lingefanyika kabla ya chai ya saa nne. Kwangu halikufanyika kwa sababu nikishavuka lile geti nikisukuma machela, si wa hospitali, na si mgonjwa, na mwajiri wangu amezima simu.

Wala si sindano peke yake. Mwaka jana tulimhamisha mzee mmoja kutoka zahanati hadi hospitali, safari ya saa nzima kwa sababu ya msongamano wa Barabara ya Jogoo na mvua, madirisha yamefungwa, yeye akikohoa na mimi nikiwa na barakoa ya kawaida ya upasuaji, kwa sababu karatasi ya rufaa ilisema tu "nimonia". Wiki tatu baadaye, mfanyakazi wa usafi wa wodi ile, mama mmoja mwema, aliniona nikiteremsha mgonjwa mwingine akaniita pembeni: "Mwanangu, yule mzee mliyemleta alikuwa na TB. Nyinyi mlipimwa?" Hatukupimwa. Hatukuambiwa. Hospitali nzima ilijua, na taarifa ikatufikia kupitia kwa mtu wa kupiga deki.

Watu hudhani jambo hili haliwezekani kupangwa. Linawezekana. Marekani ilitunga sheria mwaka 1990, ile iliyopewa jina la Ryan White, kijana wa Indiana aliyepata virusi kupitia dawa zilizotokana na damu, na ndani yake wakaweka sehemu ya wahudumu wa dharura. Kila mwajiri wa wahudumu hao huwa na afisa mmoja aliyeteuliwa. Mhudumu aliyeguswa humwendea huyo, yeye huiandikia hospitali, na hospitali hutakiwa kumjibu ndani ya saa 48. Kwa ugonjwa wa hewani kama kifua kikuu, hospitali haingoji kuulizwa. Ikishathibitisha, inatoa taarifa yenyewe, pia ndani ya saa 48. Jina la mgonjwa halitajwi, na sheria hiyo haimlazimishi mgonjwa kupimwa. Sehemu hiyo iliachwa nje sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2006, kisha ikarudishwa mwaka 2009. Sisemi kwao ni peponi. Ninasema kwamba mtu mmoja mwenye jina, mwenye simu inayopokewa, si teknolojia ya kwenda mwezini.

Kwetu sheria zipo. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na ya mwaka huohuo kuhusu fidia za majeraha kazini, inayomtaka mwajiri akishapewa taarifa ya ajali airipoti kwa mkurugenzi anayehusika ndani ya siku saba. Kuchomwa na sindano ni ajali kazini, sawa na fundi wa mjengo aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa. Niliandika taarifa yangu Jumatatu, kurasa mbili, nikaacha nakala na kupiga picha mhuri wa kupokelewa. Msimamizi alinijibu mdomoni: "Hizi vitu hutokea, usizifanye ziwe kubwa." Siku mbili ambazo sikuweza kusimama kwa kichefuchefu zilikatwa kwenye likizo yangu ya mwaka.

Na nyumbani? Chupa ya dawa hizi ina tembe kubwa zinazogongana, ukiitikisa inalia kama njuga, na kuta za ploti yetu Umoja si nene. Nimezihamishia kwenye karatasi ya sukari ili jirani asisikie, mimi ambaye huwafundisha watu kila siku kwamba dawa si aibu. Mke wangu aliikuta ile chupa tupu kabla sijampata wakati mzuri wa kumweleza, na usiku ule sitausimulia hapa. Hadi nipimwe tena baada ya miezi mitatu, tunaishi kwa tahadhari katika kitanda kimoja, na mtoto akiniuliza kwa nini nina glasi yangu peke yangu namwambia ni mchezo. Ndiyo, ninajua glasi haiambukizi. Woga haujui.

Ninachotaka kwa mwajiri wangu ni jina na nambari ya mtu mmoja, ibandikwe ndani ya kila ambulensi kando ya mtungi wa oksijeni, apokee saa nane za usiku kama tunavyopokea sisi. Vifurushi vya siku tatu za kwanza za PEP vikae mahali ambapo ufunguo upo usiku, nasi tupewe dozi ya tatu ya chanjo. Kwa hospitali, ninataka mhudumu aliyewaletea mgonjwa ahesabiwe kama mfanyakazi wao kwa jambo hili moja, kuanzia kumwomba mgonjwa ridhaa hadi kumfikishia daktari wa mhudumu majibu. Visanduku vya sindano nitanunua mwenyewe kama bei ndiyo tatizo.

Wenzangu wa ambulensi, nyinyi wa kaunti na wa kampuni binafsi, ninaomba mniandikie hapa jambo moja tu: mlipodungwa, au mliporushiwa damu machoni, ilichukua saa ngapi hadi tembe ya kwanza? Msitaje kampuni. Andikeni saa.

Leo ni Alhamisi, siku yangu ya 19 kati ya 28. Zimebaki tembe tisa. Zile siku saba za mwajiri kuripoti ziliisha Jumatatu ya wiki iliyopita, na asubuhi hii nilipopita ofisini niliiona taarifa yangu mezani, mahali palepale nilipoiacha, juu yake kikombe.