Gumzo la Ukoo: Axio ya Zuhura

Zuhura: Assalamu alaikum wazee wangu. Nimeonyeshwa gari, Toyota Axio ya mwaka 2012, yenye injini ya sisi (cc) 1500, na mwenyewe, anayekaa Likoni, amenitumia karatasi ya mnada wa Japani liliponunuliwa, inayosema limetembea kilomita 62,000. Naomba shauri lenu kabla sijatoa arubuni.

Ami: Waalaikum salaam, mwanangu. Aina yenyewe sina neno nayo, kwani injini hiyo ya 1NZ ina cheni ya taimingi badala ya mkanda, na fundi yeyote hapa mjini ameshaifungua. Karatasi ndiyo usiitegemee. Gari lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa nchini Kenya, kwa hivyo hilo la 2012 limekwisha kutembea barabara zetu miaka kadhaa, na karatasi ya mnada haina habari na miaka hiyo.

Mama: Nilimweleza hivyo, akanijibu kwamba rangi inang'aa.

Ami: Rangi hupigwa kwa siku mbili, shemeji. Gari lililolala karibu na bahari huliwa kutoka chini, basi fundi alipandishe, akague chesi na kingo za chini za milango, kisha ainue zulia la buti pale panapokaa tairi la akiba, maana hapo ndipo maji ya chumvi hutuama bila mtu kuona.

Zuhura: Amekiri kwamba lilifanya teksi kwa muda mfupi.

Halati: Muda mfupi wa muuzaji, mwanangu! Tazama mpira wa pedali ya breki na kiti cha dereva. Vikiwa vimechakaa, hizo kilomita 62,000 ni hadithi.

Ami: Na giaboksi yake ni ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, ambayo hutaka oili yake maalumu, na aliyetia oili yoyote tu ili kuokoa shilingi ameshaiumiza. Lijaribu adhuhuri, eisii ikiwaka, katika foleni ya feri, kisha ulipandishe kilima cha Mazeras. Likitetemeka linapoondoka au likivuma bila kuongeza mwendo, liache, hata akupunguzie bei.

Halati: Hakikisha pia kwamba logibuku, hati ya umiliki wa gari, haina jina la benki, lisije likawa bado lina mkopo.

Zuhura: Nimewasikia. Arubuni nimeizuia, na Jumamosi asubuhi naenda na fundi. Nimemwomba mwenyewe asiliwashe kabla hatujafika, naye anauliza kwa nini.

Mama: Mjibu kwamba tunataka kulisikia likiamka.