Mjadala: Je, wanafunzi wa mtandaoni wachanganywe na walio darasani katika kikundi kimoja?

Mwanzisha mada (mhadhiri, Nairobi)

Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, sote tulihamia Zoom na Google Meet, na hata baada ya milango kufunguliwa tena, madarasa kadhaa ya jioni hapa jijini yamebaki kuwa mseto, wengine wakiwa ukumbini na wengine kwenye skrini. Mhadhara wenyewe hauna taabu kubwa, kwa kuwa anayezungumza ni mmoja. Taabu huanza mhadhiri anaposema, "Ingieni katika vikundi."

Msimamo wangu ni kwamba, kwa majadiliano mafupi, walio darasani wajadiliane wao kwa wao, na walio mtandaoni vivyo hivyo. Chukueni kikundi cha watu watano, watatu wakiwa wamezunguka kipakatalishi kimoja na wawili wakiwa kwenye skrini, huku vikundi vingine sita vikizungumza katika ukumbi huohuo. Kipaza sauti hakibagui sauti ya jirani na ya meza ya nyuma, na mtu akifungua kifaa cha pili bila kuzima spika, sauti huzunguka baina ya vifaa hivyo na kugeuka mlio unaoumiza masikio. Wale watatu huinamiana na kusomana nyuso, wale wawili huuliza, "Mmesema nini?" mara kadhaa, kisha hunyamaza. Huko ni kuwakaribisha wageni sebuleni na kwenda kula jikoni.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati ya kutambuliwa rasmi mwaka 2023, kilianzishwa kwa ajili ya masomo ya mtandaoni, ambako wote wako kwenye skrini, na usawa wa namna hiyo ndio ninaoutafuta: kila mwanakikundi wa mtandaoni awe na kipaza sauti chake katika chumba cha Zoom cha kikundi chao, yaani kikao kidogo kilichotengwa na mhadhara, vikundi vyote vijaze hati moja ya pamoja ya mtandaoni, na ripoti zianze na za mtandaoni.

Mchangiaji wa kwanza (mwanafunzi wa jioni)

Mwalimu, kwa heshima, kelele ni kweli, lakini chumba unachokisifu nakijua kutoka ndani. Kamera zimezimwa kwa sababu ya bando, mmoja yumo kwenye matatu, mwingine stima imepotea kwao, na dakika tano hupita kabla hajatokea wa kufungua kinywa. Mimi ninatoka kazini Athi River saa kumi na moja, na msongamano wa Barabara ya Mombasa haunifikishi mjini kabla ya kipindi kuanza. Sikuchagua skrini kwa kupenda. Walio darasani ndio wanaobadilishana karatasi za mitihani iliyopita na kujuana kwa majina, nasi tunalipa karo ileile. Ukinitenga katika majadiliano pia, nitamaliza shahada bila kufahamiana na mtu. Mbona kikundi kisitoke na kipakatalishi chake hadi kwenye veranda, mbali na kelele?

Mchangiaji wa pili (mhadhiri msaidizi)

Ndugu zangu, hamjamtaja mhadhiri mwenyewe. Hawezi kupita kati ya meza na papo hapo kuingia chumba baada ya chumba cha Zoom, kwa hiyo upande mmoja hukaa bila mwalimu, na sote tunajua ni upi. Idara itoe msaidizi wa kusimamia upande wa mtandaoni, na ilipie akaunti ya Zoom, maana ile ya bure hukatika baada ya dakika 40, mara nyingi ripoti zikiwa ndio zinaanza.

Mwanzisha mada

Hoja ya kufahamiana ni nzito, nami sitaki kuipita juu juu. Kwa kazi za muhula mzima ninachanganya, kwa kuwa kikundi kina wiki kadhaa za kupigiana simu na kupanga kukutana hata Jumamosi. Ila kwa dakika kumi za kujadili swali moja, sibadiliki. Veranda inafaa kikundi kimoja au viwili; vikiwa saba tumehamisha kelele tu. Kuhusu ule ukimya, kila chumba kipewe mwenyekiti na mwandishi kabla ya kufunguliwa, kwa zamu, na asiyeweza kuzungumza kwa sababu yumo kwenye matatu aandike hoja zake kwenye ile hati, zisomwe pamoja na za wengine. Kamera sitamlazimisha mtu yeyote kuiwasha. Msaidizi, naam, tumwombe mkuu wa idara, ingawa ninajua jibu litahusu bajeti.