Pikapu mpya inayogombewa: nimeandikiwa shilingi 7,575,000, nianzie wapi kujadiliana?

BintiWaShela, Malindi

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Ninaomba ushauri juu ya jambo ambalo limenikosesha usingizi kwa wiki mbili. Mimi na mume wangu tunanunua samaki kwa wavuvi wa Mayungu na Ngomeni na kuwapelekea wenye hoteli Watamu, na siku ambazo bahari ni chafu tunateremsha maembe na mboga kutoka upande wa Marafa. Pikapu tuliyo nayo imeliwa na chumvi kiasi kwamba ukiinua zulia la mbele unaiona barabara. Tumeweka akiba kwa miaka 4, na tumeamua kununua mpya kabisa, ya dizeli, yenye kabini mbili, kwa sababu tunaitaka dhamana ya kiwanda na hatutaki tena kurithi kutu ya mtu mwingine.

Tulikwenda Mombasa kwenye shorumu ambayo sitaitaja. Kabla hatujakaa vizuri kitini, muuzaji alitueleza kwamba pikapu hizi zinagombewa, kwamba iliyobaki ni moja tu nyeupe, kwamba kuna shirika limeiulizia, na kwamba tukitoa arubuni ya shilingi 500,000 kabla ya Ijumaa ataizuia kwa ajili yetu. Tulipoomba bei kwa maandishi alitupa karatasi yenye mistari mitano: gari lenyewe pamoja na VAT, 6,850,000, vifaa vya ziada, 385,000, ada ya kuharakisha, 200,000, maandalizi na usajili, 95,000, kifaa cha kufuatilia gari, 45,000. Jumla ni 7,575,000. Nilipomwomba atupunguzie alitabasamu na kusema kwamba gari linalotafutwa na kila mtu halina punguzo, na kwamba mwezi ujao bei itapanda.

Sitafuti cha bure. Muuzaji naye ana watoto na kodi ya jengo. Ninachotaka kujua ni namna ya kuitambua bei ya haki ya kitu ambacho mwenye kukiuza hana shida ya kupata mteja, na namna ya kuizungumza bila kuonekana kwamba ninabembeleza. Arubuni hatujatoa.

MuuzajiWaZamani, Mombasa

Dada, kwanza nashukuru kwamba arubuni hamjaitoa, kwa kuwa baada ya kuitoa mazungumzo yangekuwa yamekwisha. Niliuza magari mapya kwa miaka 11 kabla ya kuacha, na karatasi uliyoielezea nimeiandika mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Muuzaji amekuambia kweli katika jambo moja: kwenye mstari wa kwanza nafasi ni ndogo. Gari linapotafutwa sana, anayekaa nawe mezani huwa na ruhusa ya kupunguza kidogo tu, na zaidi ya hapo lazima aingie kwa meneja. Kwa hiyo usiitumie nguvu yako yote kwenye 6,850,000, bali shuka kwenye mistari minne ya chini, kwa sababu huko ndiko faida inakohamishiwa bei ya gari inapokuwa haiguswi. Mwombe akufafanulie mstari mmoja mmoja, kwa utulivu, kama mtu anayetaka kujifunza, na usiende mstari wa pili kabla wa kwanza haujaeleweka.

Ada ya kuharakisha haina huduma yoyote nyuma yake. Gari limo uani, limeshaingia nchini au limeshaunganishwa, na hakuna anayelisukuma ili lifike upesi. Unalipia kutangulizwa mbele ya mwingine. Mwambie kwa adabu kwamba mstari huo hutaulipa, na kwamba kama ndio sharti, utasubiri la oda inayofuata. Usajili nao ni malipo ya serikali yanayofanywa kupitia mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, na kila malipo yana risiti. Sema utalipa kiasi kilichomo kwenye risiti, na kinachobaki katika zile 95,000 kiitwe jina lake, ambalo ni kuosha gari, kulijaza mafuta kidogo na kutoa nailoni vitini. Kazi hiyo ni sehemu ya kuuza gari jipya, kama vile muuza samaki asivyokutoza kwa kufukuza nzi.

Vifaa vya ziada vidai kimoja kimoja, kila kimoja na bei yake. Nina hakika humo mna ngao ya chuma ya mbele, kanopi, mazulia ya mpira, pengine na vioo vya giza. Kanopi na ngao utatengenezewa na mafundi wa Mombasa au hapo hapo Malindi, na utachagua mwenyewe unene wa chuma. Kuna kimoja tu ambacho ningekipigania kiingizwe bila malipo, nacho ni dawa ya kuzuia kutu chini ya gari. Wewe unabeba samaki wenye barafu; maji ya chumvi yatakuwa yanachuruzika kwenye chasisi kila siku ya kazi. Shorumu dawa hiyo inaigharimu kidogo kuliko inavyokufaa wewe, na vitu vya namna hiyo ndivyo vya kuombwa, maana meneja huvikubali upesi kuliko kupunguza fedha.

Sasa kuhusu wakati. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, na wizara, kaunti na mashirika ya umma hukimbilia kununua kabla bajeti haijafungwa. Mei na Juni ndiyo miezi mibaya kwako, kwa kuwa anayenunua magari 20 kwa mkupuo atahudumiwa kwanza. Baada ya hapo uani hutulia. Ndani ya mwezi wowote, siku za mwisho ni bora kuliko za mwanzo, kwa sababu muuzaji ana idadi ya kutimiza. Vilevile ukifika Januari ukakuta gari la mwaka uliopita, taja mwaka huo wa kutengenezwa, kwani ndio utakaoandikwa kwenye kitabu cha gari na ndio utakaokupunguzia bei siku utakapoliuza.

Hilo la «bei itapanda mwezi ujao» usilidharau wala usilitii. Lilikuwa kweli Julai 2023, ushuru wa forodha wa magari yanayoingia yakiwa kamili ulipotoka asilimia 25 hadi 35. Lakini pikapu nyingi zinaunganishwa humu humu nchini, nyingine hapa Mombasa kwenye kiwanda cha AVA, na vipande vinavyoletwa kuunganishwa havitozwi ushuru huo. Kwa hiyo muulize: gari hili limekuja kamili au limeunganishwa hapa? Na ni kodi gani hasa itakayopanda? Mwenye sababu ataitaja.

Jambo la mwisho ni la nyumbani kabla ya safari. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, huweka hadharani orodha ya bei za rejareja za magari mapya kwa kila modeli, ambayo huitumia kukadiria ushuru wa magari yaliyotumika. Itafute modeli yako, uichapishe na uiweke kwenye mkoba. Si amri kwa muuzaji, lakini mazungumzo hubadilika anapoona umekuja na namba ambayo hakuitoa yeye. Chukua pia bei ya maandishi ya modeli shindani, na bei ya gari lililotumika linaloagizwa kutoka nje, la umri usiozidi miaka 8 ambao sheria inauruhusu, hata kama hulitaki. Anayeuza hupima kwanza kama mteja ana pa kwenda.

MzeeWaMokowe, Lamu

Mwanangu, hayo aliyoyasema ndugu yetu ni sahihi, nami ninaongeza moja tu, kwa kuwa lilinigharimu. Kwetu Lamu hakuna shorumu. Ukitaka gari unafunga safari ya siku nzima hadi Mombasa, na kila ukirudishwa ni nauli, chakula na kitanda. Kwa kuchoka na safari hizo nilitoa arubuni Oktoba 2023 na kupokea risiti iliyoandikwa maneno matatu: «arubuni ya gari». Haikuwa na bei, wala tarehe, wala nambari ya chasisi. Gari lilipofika Januari 2024, dola ilikuwa imepita shilingi 160, nami nikaambiwa niongeze 400,000. Sikuwa na karatasi ya kunitetea, na arubuni yangu ilikuwa mikononi mwao. Nikaongeza. Miezi michache baadaye dola ilishuka hadi karibu 130, na hakuna aliyenipigia simu kunirudishia kitu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, waandike bei kamili isiyobadilika hadi siku ya kukabidhiwa, tarehe ya mwisho ya kukabidhiwa, nambari ya chasisi ikiwa gari lipo, na kwamba arubuni inarudishwa yote wakikosa kutimiza. Na kama walipandisha bei kwa kusingizia dola, muulize kwa upole mbona haikuteremka dola ilipoteremka. Mimi nililikosa swali hilo wakati wake.

BiMhasibu, Malindi

Bibi Shela, hukusema kama mnalipa naghdi yote au mnaongezewa na benki, na hapo ndipo wengi wetu huku pwani tunapopoteza tulichokiokoa. Ikiwa mnatumia murabaha, kumbukeni kwamba benki ndiyo inayolinunua gari kwanza, kisha inawauzia nyinyi kwa bei ile pamoja na faida inayojulikana tangu mwanzo. Nimewaona watu wakidhani benki itawajadilia bei. Benki huchukua profoma, yaani karatasi ya bei ya muuzaji, kama ilivyo, na faida yake huhesabiwa juu ya jumla iliyoandikwa humo. Tuseme faida ya muda wote ni asilimia 30: ile ada ya kuharakisha ya 200,000 mtailipa 260,000. Jadilianeni kwanza, mpate profoma safi, ndipo ipelekwe benki ikiwa imeandikwa kwa jina la benki.

Pia, muuzaji akiuliza mapema «mnaweza kulipa ngapi kwa mwezi?», msijibu. Akishalijua jibu, atairefusha miaka ya malipo hadi kila kitu kionekane rahisi, na bei yenyewe haitazungumzwa tena. Mazungumzo ya bei ya gari yaishe kabla ya mazungumzo ya namna ya kulipa kuanza. Na bima kamili itafuteni wenyewe kwa kampuni tatu. Ya shorumu iwe ya nne tu katika kulinganisha.

BintiWaShela, Malindi

Nimerudi, baada ya wiki 5, na deni langu la shukrani kwenu ni kubwa.

Mume wangu alitaka tusirudi pale tena, lakini mimi niliona turudi na karatasi zetu. Tulingoja hadi tarehe 29. Nilikuwa na bei za maandishi kutoka sehemu mbili nyingine, orodha ya KRA, na karatasi yao wenyewe ambayo nilikuwa nimeandika kwa kalamu nyekundu neno «kwa nini?» pembeni mwa kila mstari. Yule kijana aliisoma muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaondoka nayo kwa meneja. Ile pikapu nyeupe, niseme ukweli, ilikuwa imekwisha kuuzwa, kwa hiyo hakutudanganya katika hilo, na nilimwambia hivyo.

Meneja alikuja mwenyewe. Ada ya kuharakisha aliifuta kabla sijaitaja. Juu ya vifaa tulichukua mazulia tu, na dawa ya kutu akakubali kuipaka bila malipo nilipomweleza tunabeba nini. Kifaa cha kufuatilia tulikikataa, kwa kuwa mtu wetu wa bima hakukidai. Usajili tutalipa kwa risiti. Kwenye bei ya gari alisimama imara kwa muda mrefu, nami sikumlaumu, hadi mume wangu alipouliza kama wanayo ya rangi nyingine. Ilikuwepo ya kijivu, ambayo mashirika hayakuitaka kwa sababu hayo hutaka nyeupe, nayo ilikuwa njiani kufika baada ya wiki 6. Bei ya hiyo ya kijivu aliishusha hadi 6,720,000.

Ukiacha usajili, tutalipa 6,735,000 pamoja na mazulia. Fedha zetu za akiba zinafika sehemu kubwa, na pengo tutalijaza kwa murabaha, kwa profoma hii mpya. Mzee wa Mokowe, masharti yako manne yote yameandikwa na kupigwa muhuri. Tarehe ya kukabidhiwa waliibishania kidogo, kisha wakaikubali kwa kuongeza siku 10, nasi tukaona ni haki.

Lililobaki ni siku ya kuichukua. Nitakwenda na fundi wetu, alale chini ya gari na tochi aone kama dawa imefika hadi kwenye pembe za ndani za chasisi, pale pale ambapo ile ya zamani ilianza kuoza.

MuuzajiWaZamani, Mombasa

Hongera, dada. Fundi na alale chini kabla hamjatia sahihi ya kupokea. Na nambari ya chasisi isomeni nyote wawili, mmoja kwenye karatasi na mmoja kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu.